Mfumo wa Bure na Sikio la Dada

Jumatatu, 1 Juni

Nimechoka, na mwezi ndio kwanza unaanza. Bosi karudi kutoka Baraza amevimba. Baraza ndio wanaotuletea rekodi za mashauri yao tuzichape. Bila wao hii ofisi ni meza na viti tu. Sasa wamesema hivi: kuanzia mwezi ujao hakuna kazi kwa ofisi yenye kompyuta za mfumo wa wizi. Watakuja kukagua, mashine moja moja.

Zetu zote ni za wizi! Bosi alinunua kompyuta zilizotumika, mtu wa mtaani akazitia mfumo uliochakachuliwa, tukafungua kazi. Mfumo wenyewe unajua umeibiwa. Kila baada ya saa unatoa onyo kwamba nakala si halali, kisha unazima mashine. Tumeshazoea. Onyo likitokea, wa kwanza kuliona anaita "Jamani!" — sote tunahifadhi kazi, tunainuka. Wa msalani msalani, wa chai chai, wa kuwapigia watoto simu huyo kwenye ngazi. Mashine zikiwaka tena tumesharudi. Wageni wanadhani ni utaratibu wa ofisi.

Bosi kasema nichague mimi. Mfumo wa kulipia au wa bure, nimwandikie pendekezo lenye sababu, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Mbona mimi? Kwa sababu mimi ni msimamizi, kasema. Kwa sababu niliwahi kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa, nadhani mimi. Tangu siku hiyo naitwa mtaalamu.

Sijamwambia Dada bado.

Jumanne, 2 Juni

Nimepita madukani mchana. Bei ya mfumo wa kulipia inakata pumzi. Halafu muuzaji kauliza kompyuta zetu zina umri gani. Nilipomtajia, kacheka mpaka kafuta macho. Toleo jipya haliingii kwenye mashine kongwe hivyo! Kwa hiyo laiseni, na kompyuta mpya ya kuiwekea hiyo laiseni, na hivyo hivyo kwa kila meza.

Jioni nikamweleza Baba Watoto. Kasema chukua cha bure, kuna nini cha kufikiria hapo? Kisha akamwona Dada anakuja na kikombe chake, mkono mmoja ukutani, akainuka kumvutia kiti.

Dada haoni. Tangu mdogo. Anakaa nasi, tunakwenda kazini pamoja, meza yake iko dirishani kwa sababu anapenda upepo. Anachapa na hedifoni mbili, kila sikio na yake — kushoto anasikia rekodi ya shauri, kulia anasikia programu ya kusoma skrini ikimtajia kila anachoandika. Ile sauti ya kulia ni ya kiume, nzito kidogo. Dada anaiita "Mume wangu". Ofisi nzima tunamtania: leo Mume kaamkaje? Kaamka na kiburi, anasema, anataka abembelezwe.

Mume anaishi kwenye mfumo wa kulipia tu. Hata sisi tulimpata kwa wizi huo huo.

Jumatano, 3 Juni

Fundi kaja. Kijana mwembamba, mkoba mkubwa, anauzungumzia mfumo wa bure kama mtu anayemsifu mchumba. Kauweka kwenye mashine ya mchapaji mwenzetu, Mama Pacha, ile iliyokuwa inakoroma ikiwaka. Imewaka mara moja! Mama Pacha kapiga makofi. Hakuna laiseni, hakuna onyo, virusi navyo ni nadra. Fundi kasema haya yote ni halali kabisa, Baraza wakija wataondoka wameridhika.

Nikamuuliza, na mtu asiyeona? Kasema sauti imo ndani humo humo, bure pia. Na Kiswahili? Hapo kasita. Kasema kipo, lakini waliokitengenezea ni wachache, wanajitolea, kitaboreka tu. Nimempenda kwa kutonidanganya, ingawa jibu sikulipenda.

Nimemwambia Dada njiani tukirudi nyumbani. Kasema, kumbe Mume anafukuzwa! Kacheka peke yake. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 4 Juni

Dada kajaribu ile sauti leo, Fundi pembeni. Nilichomeka hedifoni yangu nisikilize naye.

Mungu wangu. Inasoma kama mtu mwenye mafua aliyefundishwa herufi zetu jana. Inakata maneno pasipostahili, inakaza pasipokazwa. Shahidi wa rekodi ni mama mmoja anayeeleza jinsi ukuta wa jirani ulivyoingia uani kwake, maskini, analia. Sauti ikawa inayarudia maneno yake kama tangazo la mnada. Dada kamgeukia Fundi kwa adabu kabisa, kamwambia, huyu mchumba wako pua imeziba lakini tutazoeana. Fundi kafurahi. Mimi namjua Dada. Akisema tutazoeana, ameumia.

Yale ya pua si kitu. Tatizo ni kwamba sauti inanyamaza. Katikati ya ukurasa, kimya! Fundi anagusa hapa na pale, inarudi. Baadaye kimya tena. Kwangu mimi sauti ikikatika ni kero tu, nina macho. Kwa Dada ni sawa na sisi skrini ikiwa nyeusi. Anabaki mikono juu ya kibodi, kichwa kimeinama upande, anasubiri.

Sauti ya Mume huwa anaiendesha kwa kasi ambayo mimi nasikia mvumo tu. Hii ya leo aliiteremsha mpaka mwendo wa mgonjwa, na bado.

Ijumaa, 5 Juni

Bosi kauliza nimefikia wapi. Nimesema napima. Kasema pima haraka.

Fundi atarudi kesho kuweka mfumo wa bure mashine zote, tuujaribu kazini kweli kweli wiki ijayo. Zote isipokuwa ya Dada. Hiyo nimeomba ibaki na mfumo wa zamani kwanza. Mama Pacha alikuwa karibu, alisikia. Alikunja uso, akaendelea na kazi.

Jumapili, 7 Juni

Nimefua. Sikutaka kufikiria kompyuta, nimezifikiria kutwa nzima. Dada kaketi uani anakunja nguo ninazoanua. Kaniuliza kwa nini nashusha pumzi namna ile. Nikasema sabuni kali. Hakuamini.

Jumatatu, 8 Juni

Siku ya balaa. Niandike kabla hasira haijapoa.

Asubuhi ilikuwa raha tupu. Mashine zinakimbia, hakuna onyo, hakuna kuzimika. Saa ya kwanza ikapita, hakuna aliyeinuka. Ya pili, hakuna. Kimya, vidole tu. Bosi alichungulia mlangoni na kutabasamu — sijui mara ya mwisho ilikuwa lini! Ni Dada peke yake mashine yake ilizima kama kawaida. Kila ikizima anaita "Jamani!" kwa mazoea, anajikuta anainuka peke yake.

Kufika mchana migongo imekakamaa. Mama Pacha alikwenda msalani mbio, mikono tumboni, kasema ameshajisahau kwamba ana kibofu. Tulicheka. Tukaendelea.

Baada ya chakula umeme ukakatika.

Umeme ukakatika, na hakuna aliyekuwa amehifadhi kitu! Hata mstari mmoja! Kwa sababu sisi hatujawahi kuhifadhi kazi kwa akili zetu. Tunahifadhi onyo likitokea. Miaka yote onyo ndilo lililokuwa linatufanya tuhifadhi, na leo onyo halikuwepo. Programu ya kuchapia nayo ina sehemu ya kujihifadhia yenyewe, kumbe inabidi uiwashe, na nani alijua? Mashauri ya asubuhi nzima, ya meza zote, yamekwenda. Yaliyobaki ni ya Dada tu. Ule mfumo mbovu, wa wizi, unaokufa kila saa, ndio uliotunza kazi.

Bosi alipiga kelele mpaka wa ofisi ya jirani wakachungulia. Mfumo wako wa bure umekula kazi! Fundi kwenye simu anajitetea: umeme ndio umekula kazi, mfumo haujafa hata mara moja. Kweli. Wala si umeme. Ni sisi.

Na niseme ukweli humu, maana kwingine siwezi. Bosi alipokuwa anautukana mfumo wa bure, mimi nilifurahi. Wenzangu wameshika vichwa, Mama Pacha anakaribia kulia, na mimi moyoni nasema: basi, umeshindwa, Dada amepona. Mungu anisamehe. Nilifurahi.

Jumanne, 9 Juni

Tumerudia kazi ya jana. Nimebandika karatasi kila meza: HIFADHI. Fundi kaja kuwasha ile sehemu ya kujihifadhia. Sasa mashine zinahifadhi zenyewe, hazizimi, haziulizi kitu. Furaha yangu haikumaliza hata siku mbili. Kwa watu wanaoona mfumo huu ni mzuri, hata mimi siwezi kukataa.

Jioni Bosi kaniita, kafunga mlango. Kapiga hesabu zake. Wote kulipiwa, haiwezekani, tufunge ofisi tu. Wote bure, inawezekana. Au wote bure na mmoja alipiwe: kompyuta mpya ya Dada, laiseni yake, na ile programu ya kusoma — hiyo nayo sasa ni ya kulipiwa kihalali, kila mwaka, na ni ghali kuliko mfumo wenyewe. Kasema anaweza. Lakini mkataba wa Mama Pacha unaisha mwezi huu, na akilipia hayo hatauhuisha.

Nikamuuliza, na wote wakiwa bure? Kasema Mama Pacha anabaki, na dada yako ajitahidi na hiyo sauti. Na akishindwa? Kasema, tutaona. Namjua Bosi, na "tutaona" yake naijua.

Kasema pia kwamba hanisukumi. Niandike kile mfumo unachostahili, bila undugu. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Anajua fika kwamba nikiandika neno moja nimemtoa mtu, na mkono utakuwa wangu, si wake.

Nilipotoka Mama Pacha alikuwa anafunga mkoba. Kaniambia usiku mwema, Mama. Nikashindwa kumtazama usoni.

Jumatano, 10 Juni

Ameshajua. Ofisi ile kuta ni mbao.

Kanifuata kwenye ngazi. Sikutegemea upole, na bora angenifokea. Kasema, sikuombi kitu, msimamizi. Nakukumbusha tu. Wewe una Dada humu ndani, mimi sina. Pacha wangu mmoja ana kifua, unajua, dawa zake unazijua. Kisha kasema wapo wanaosema mashine ya Dada iliachwa na mfumo wa zamani makusudi, ili wengine tuonekane wajinga siku ile. Kasema yeye hasemi hivyo. Lakini kalisema.

Nikamwambia si kweli. Sauti yangu mwenyewe haikunishawishi.

Nyumbani Baba Watoto kasema ni rahisi: mwandike dada yako, ndiye aliyekulea. Kweli kanilea. Kunifundisha kuchapa kanifundisha yeye, ananifunika mikono kwa khanga ili nisiibie kwa macho. Lakini si rahisi. Mama Pacha nimekula naye chai miaka mingapi? Watu wa nyumbani husema ni rahisi kwa sababu hawaingii pale kesho asubuhi.

Kichwa kinapasuka. Pendekezo ni mstari mmoja na sina hata neno la kuanzia.

Alhamisi, 11 Juni

Dada kajua pia, na hakunisubiri nimwambie.

Nimeamka, kitanda chake kimetandikwa, fimbo haipo. Nimemkuta ofisini, mlinzi kamfungulia mapema. Yuko kwenye mashine ya Mama Pacha, ile ya bure, hedifoni masikioni, anachapa. Kumbe jana pia, wakati wa chakula sisi tukiwa nje! Mlinzi ndiye aliyeniambia.

Nilisimama mlangoni. Kasema bila kugeuka, viatu vyako hivyo kisigino kimoja kimelika, kavitengeneze. Nikamwambia atoke pale. Kasema hatoki. Tukagombana, kwa sauti za chini, kama tulivyokuwa tukigombana watoto na Mama amelala.

— Nani alikwambia unichagulie?
— Bosi.
— Bosi alikwambia uchague kompyuta. Mimi ni kompyuta?

Nikasema nataka tu usipoteze kazi. Kasema na mimi nataka nisiipate kwa mgongo wa mtu. Nitakaaje dirishani pale, kasema, naye Mama Pacha meza yake haina mtu, na kila atakayepita atajua kiti changu kimegharimu nini? Hayo ni maisha?

Nikamwambia ile sauti inanyamaza, Dada. Inanyamaza! Kasema hata Mume alikuwa ananyamaza siku za kwanza, mmesahau. Sikumbuki hilo. Sidhani kama ni kweli.

Kasema amemwomba Bosi amjaribu mwenyewe, kesho. Rekodi moja, nusu saa, mfumo wa bure, mbele ya watu. Akiweza, niandike wote bure na mambo yaishe. Bosi kakubali haraka mno.

Nikamuuliza, na usipoweza? Kasema, nitaweza.

Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Ijumaa, 12 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Nimesema natoka kidogo. Wananisubiri ndani.

Jaribio bado linaendelea. Bosi kaketi nyuma kabisa, miguu juu ya boksi la karatasi, kutoka pale haoni kitu. Mama Pacha kasimama karibu na dirisha, kashika saa, midomo inatetemeka — nadhani alikuwa anamwombea, au anajiombea, sijui. Fundi hayupo, kapata kazi kwingine. Mimi nimesimama nyuma ya Dada, mimi peke yangu naona skrini.

Alianza vizuri. Sisemi kwa undugu, alianza vizuri! Pole pole kuliko zamani, lakini safi. Shauri la mirathi, ndugu wawili na nyumba moja, watu wanakatizana, na yeye anawafuata mmoja mmoja. Mabega yake yalilegea. Mpaka nikaanza kuamini. Nikajisemea, kumbe ni mimi ndiye niliyemdharau.

Kisha kichwa chake kikainama upande. Kidogo sana. Mwingine asingejua. Ile sauti imenyamaza.

Nikasubiri asimame, aguse alivyoonyeshwa na Fundi. Hakusimama. Sikio la kushoto rekodi inaendelea, na yeye anaendelea nayo, bila wa kumtajia alichoandika. Vidole havikusita hata mara moja. Na angeweza kabisa, Dada angeweza, kama si kile kikasha kilichojitokeza katikati ya skrini. Mfumo unauliza usasishwe sasa au baadaye. Mwenye macho anabonyeza "baadaye", mambo yamekwisha. Sauti ingekuwa inasema, angeambiwa. Yeye hakuambiwa na yeyote. Herufi zake zote zinaangukia kwenye kile kikasha na kupotea. Ukurasa umesimama pale pale kwenye neno la mdogo mtu, "hati ya", hauongezeki.

Nilinyoosha mkono nibonyeze. Bosi kasema, msimamizi, usimsaidie. Nikaurudisha.

Akauliza kutoka kule nyuma, inafanya kazi? Dada, bila kuacha kuchapa, kasema kwa sauti kubwa, ya furaha, sauti ya kunitania mimi:

— Inafanya! Mchumba kapona mafua!

Mama Pacha kafunika uso kwa mikono, kaanza kulia, shukrani zinamtoka hovyo, asante Dada, asante.

Bosi kasema vizuri sana. Kasema, msimamizi, wewe unaona skrini, tuambie basi tuandike. Inafaa au haifai?

Nikasema natoka mara moja, narudi.

Nikisema inafaa, Mama Pacha anakwenda nyumbani na kazi yake, na Dada ataketi pale kila siku akichapa maneno mpaka siku Baraza watakaporudisha kurasa tupu, na hapo Bosi ataona. Nikisema haifai, nimemvua nguo Dada mbele ya watu, na machozi ya yule mama nimeyageuza. Yeye mwenyewe anajua? Anajua sauti imekatika, hilo anajua. Kama anajua pia ukurasa umesimama, basi ananiomba kitu, na mimi sijui ni nini.

Bosi ananiita. Kaniita tena.

Huku kwenye ngazi naisikia kibodi. Nusu saa haijaisha, Dada anachapa bado, haraka kuliko alivyoanza.